Heroe wa Ziwa Natron na siri ya mahali wanapotagia

Wale mnaoishi Dubai huenda mmekwisha kusimama kando ya hifadhi ya Ras Al Khor mkawaona heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wakitembea majini huku maghorofa yakichomoza nyuma yao. Wale ni heroe wakubwa. Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu ndugu yao, heroe mdogo, anayejaa kwa mamia ya maelfu katika maziwa ya Bonde la Ufa, na swali lililowahangaisha wataalamu kwa miaka mingi: ndege hawa wote wanataga wapi?

Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Kule Nakuru na Bogoria, nchini Kenya, heroe walionekana wakila, wakilala na hata wakicheza ngoma yao ya uchumba, maelfu wakipiga hatua kwa pamoja, shingo juu, wakigeuza vichwa kulia na kushoto. Lakini ngoma ikichezwa huku, arusi ilikuwa kwingine.

Mwaka 1954, Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo katika Kenya ya wakati wa ukoloni na mpenzi mkubwa wa ndege, aliruka kwa eropleni juu ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanganyika ya siku zile, akaona makundi ya viota katikati ya ziwa. Kuona kutoka angani hakukumtosha. Alishika njia kwa miguu kuvifuata.

Hapana budi tulieleze ziwa lenyewe. Natron hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro na ya chemchemi za moto, wala hakuna mto unaotoka humo. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua tu, na kinachobaki ni magadi, yale yale ambayo huko nyumbani hutiwa kidogo katika maharage yapate kulainika upesi. Kwa kawaida kina chake hakifiki mita 3. Juu kuna gamba linalodanganya macho kwamba ni ardhi ngumu, na chini yake tope jeusi, lenye harufu mbaya, ambalo joto lake mchana huweza kufika nyuzi 50. Brown alizama kila hatua. Viota hakuvifikia, na aliporudi kambini alikuwa hoi, miguu imebabuka kwa magadi. Alilazwa hospitali kwa wiki kadhaa na ikabidi apandikizwe ngozi.

Naam, kile kilichomuunguza Brown ndicho kinachowalinda heroe. Fisi na mbweha hawathubutu kuvuka tope lile. Heroe mwenyewe ana ngozi ngumu ya miguu inayostahimili magadi. Hukusanya tope kwa mdomo, akajenga kilima kidogo chenye shimo juu, na humo hutaga yai moja tu. Dume na jike hupokezana kulalia kwa muda wa siku 28 hivi. Kinda huanguliwa akiwa wa rangi ya kijivu, na wazazi wote wawili humlisha aina ya maziwa yanayotengenezwa kooni mwao. Baada ya siku chache makinda huacha viota, wakakusanyika kundi moja kubwa mno, wakatembea pamoja na wakubwa wachache hadi penye maji yasiyo makali.

Lakini ulinzi huo unategemea kipimo cha maji. Yakipanda sana, hakuna tope la kujengea, na viota vilivyopo hugharikishwa. Yakishuka sana, wanyama hupata njia kavu. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda mithili ya pingu, hata wakashindwa kutembea. Watu wa kujitolea waliingia ziwani wakavunja pingu hizo kwa mikono, kinda mmoja mmoja, wakaokoa maelfu.

Mnamo miaka ya 2000, watafiti waliwafunga baadhi ya heroe vyombo vidogo vya kutuma ishara kwa setilaiti. Ilibainika kwamba ndege hao huhama ziwa hadi ziwa bila ratiba inayotabirika. Hata kutaga kwao hakufuati kalenda, na ipo miaka inayopita bila makinda wa kutajika. Hapo ndipo penye hatari. Heroe huishi miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20. Kwa hiyo mtalii anaweza kusimama Bogoria, akapiga picha ya ziwa lililogeuka waridi, asijue kwamba kwa miaka kadhaa hakuna waliozaliwa.

Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron. Maeneo mengine ya kutagia yanayojulikana, kama Etosha huko Namibia, Sua nchini Botswana na mabwawa ya chumvi ya Gujarat nchini India, ni machache. Ndiyo maana palizuka mabishano makali baada ya kutangazwa mpango wa kujenga kiwanda cha magadi ziwani hapo, cha tani 500,000 kwa mwaka. Kampuni ya Tata Chemicals ya India ilijitoa mwaka 2008. Wanaotaka mapato na ajira kutokana na magadi wasibezwe, kwani wafugaji wa pale wana shida za kweli. Lakini kiwanda hujengwa popote palipo na mali ghafi, na heroe hana Natron ya pili Afrika Mashariki.

Siku hizi tishio limekuja kwa mlango mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Afrika Mashariki tangu 1999 hadi 2022, umeonyesha kwamba mvua nyingi zimepandisha maji, magadi yamezimuliwa, na mwani ambao ndio chakula cha heroe umepungua. Nakuru, iliyokuwa ukumbi wao mashuhuri, ni miongoni mwa maziwa yaliyopoteza zaidi. Watafiti wanaeleza kwamba huenda ndege wakalazimika kutafuta malisho mapya, pengine nje ya hifadhi zilizopo, na kila ziwa la malisho likiwa mbali zaidi na Natron, safari ya kurudi kutaga huwa ndefu zaidi.