Barua ya Askari na Watu Wanne Waliomo



Anayetunga barua ya askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kwa ajili ya igizo la kihistoria huanza na karatasi. Huichovya kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu, kisha huandika: "Mama mpendwa, vita vinatisha." Chai naisamehe, ingawa mwaka 1944 barua ile ilikuwa mpya. Sentensi siisamehe.

Askari wengi hawakujua kuandika. Kijana wa Kibukusu kutoka Bungoma, magharibi mwa Kenya, alimtafuta mwenzake aliyepitia shule ya misheni, akamwambia yaliyo moyoni. Mwenzake akayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo kijana hangemsemesha nayo mamaye. Ofisa akaipitia, akafuta alichotaka. Ilipofika kijijini, mwalimu au mwinjilisti akaisoma kwa sauti, majirani wametega masikio. Barua yenye watu wanne ndani yake haiwezi kulia machozi ya mtu mmoja. Ilibaki kuuliza habari za ng'ombe, mahari, mpaka wa shamba, na kama pesa zilizokatwa kwenye mshahara zimefika.

Chukueni Agosti 1944. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya miaka shufwa, kwa hiyo mwaka ule ulikuwa wa tohara. Mwezi huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka Bonde la Kabaw, Burma, katika matope na malaria. Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Kabaw, Chindwin, Kalewa: hakuna jina hata moja lililoruhusiwa kuandikwa. Mimi ningetunga hivi, kwa Kiswahili cha kambini:

"Baba, baada ya salamu, mimi mzima, hofu ni kwenu. Huyu mdogo yangu iko tayari mwaka hii? Ile ng'ombe nyeupe usichinje, ngoja mimi."

Bonde halikutajwa, wala mvua. Msikilizaji wa Bungoma atahesabu miezi mwenyewe, ajue kwamba jando litakuwa limekwisha kabla jibu halijafika.

Jibu la baba nalo lina mapengo yake. Mwaka huohuo Elijah Masinde, kiongozi wa kidini upande wa Kimilili, aliingia matatani na serikali kwa kupinga watu kuandikwa kazi kwa nguvu. Baba anayejua kwamba barua hufunguliwa njiani angeandika nini? Angesema mahindi ni mazuri. Nawaomba wanafunzi watunge majibu haya pia. Ni magumu zaidi, na waigizaji huyasahau.

Mkimaliza, andikeni nyuma ya karatasi, kwa wino, kwamba imetungwa, na mwaka iliotungwa. Nyumba nyingi huku Bungoma bado zina sanduku la babu, na karatasi iliyochovywa chai ikiingia humo, mjukuu ataitoa kama ushahidi.