Wenye Mafuta Wakija na Sola

Msikilizaji, kwa miaka mingi taa za Mpanda ziliwaka kwa dizeli. Mafuta ya kuendeshea jenereta za TANESCO, shirika la umeme, yalitoka Pwani, yakavuka karibu nchi nzima ndipo yafike kwetu. Wenye mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea wanajua maisha hayo. Ndiyo maana laini ya kilovolti 132 inayotoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilisubiriwa kwa hamu kubwa.

Lakini mkoa wetu wa Katavi ni mpana, na nguzo hazifiki kila kitongoji kwa siku moja. Kule Mishamo, Mwese na Karema, sola ndiyo imewaangazia wengi. Leo nataka tuwatazame matajiri wapya wa biashara hii: kampuni za mafuta.

Total ya Ufaransa, ambayo tangu 2021 inaitwa TotalEnergies, ina asilimia 62 ya hisa za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kampuni hiyo hiyo imeuza taa za sola kwenye sheli zake barani Afrika, tena iliweka fedha katika Zola, kampuni iliyoanzia Arusha kwa kukopesha sola na kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Agosti 2022 TANESCO nayo ilikubaliana na Masdar ya Abu Dhabi kuhusu miradi ya umeme jadidifu ya hadi megawati 2,000. Miongoni mwa wamiliki wa Masdar ni ADNOC, shirika la mafuta la Abu Dhabi.

Wapo wanaosema fedha za mafuta zikataliwe. Mimi sikubaliani nao. Mama anayejifungulia kwenye zahanati yenye giza hana haja ya kujua taa imenunuliwa na nani. Hofu yangu ni nyingine: watu hawa huja, kisha huondoka.

Historia yao inatisha. Exxon iliingia kwenye biashara ya sola mwaka 1973, na miaka ya themanini ikajitoa. ARCO ya Marekani ilifikia kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani, kisha ikauza biashara hiyo kwa Siemens ya Ujerumani. Shell iliuza viwanda vyake vya sola mwaka 2006. BP ilifunga kitengo chake cha sola mwaka 2011, ikarudi 2017 kwa kununua asilimia 43 ya kampuni ya Lightsource kwa dola milioni 200, na Februari 2025 ikatangaza kupunguza fedha za nishati jadidifu na kuziongeza kwenye mafuta na gesi. Wenye hisa London wakitaka faida ya haraka, sola ndiyo huanza kukatwa.

Mwenye hisa akijitoa, anauza karatasi. Mkulima wa Nsimbo aliyelipia mtambo wake kwa fedha za mpunga habaki na cha kuuza. Betri ikifa na wakala ameshafunga duka, paneli inabaki juu ya bati bila kazi, na betri iliyokufa, ambayo nyingine ina risasi na tindikali, inatupwa wanakochezea watoto.

Kwa hiyo halmashauri zetu zisiridhike na sherehe ya uzinduzi. Mkataba na kampuni hizi utaje vipuri vitapatikana Mpanda kwa miaka mingapi, utaje nani atakusanya betri mbovu, na useme wazi mitambo itakuwa ya nani kampuni ikiondoka. Vijana wa Katavi wafundishwe ufundi huo tangu siku ya kwanza, si kubebeshwa paneli tu. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na REA, wakala wa nishati vijijini, wasimamie hayo kabla wino haujakauka.

Nawe msikilizaji, wakala akibisha hodi kwako, kabla hujatoa shilingi ya kwanza mwulize fundi wake anaishi wapi. Akikutajia Dar es Salaam, usilipe.