Lahani na Lugha: Kazi ya Howard Olson Makumira

Katika taaluma ya Kiswahili, maana ya wimbo huachiwa wanafasihi: huchambuliwa maneno, lahani ikasahauliwa. Mtaalamu mmoja aliyefundisha chini ya Mlima Meru aliliendea suala hilo kwa njia ya isimu. Howard Olson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922, aliandika uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi, yaani Kinyaturu, uliotoka mwaka 1964. Kirimi ni lugha ya toni. Aliyezoea kufuatilia kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya kitenzi hausikii wimbo kama wenzake.

Chuo cha theolojia cha Walutheri kilikuwa kimehamia Makumira kutoka Lwandai mwaka 1954. Nyimbo zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani zilikuwa zimekwisha kuota mizizi miteremkoni mwa Meru, ambako misheni ya Leipzig ilifungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902. Kasoro yake ni ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali lahani nyingi za Kijerumani humaliza mstari kwa pigo zito. Hivyo silabi ambayo msemaji huilegeza, mwimbaji huikazia. Yupo atakayesema hiyo ni dosari ndogo, kwani waumini huelewa tu. Na itazamwe basi barabara: mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia; ukiwa kwenye ya pili, ni sawasawa.

Olson aliugeuza utaratibu. Lahani za wenyeji zilikusanywa kwanza, maneno yakatungwa kuzifuata. Kutokana na juhudi hizo kilipatikana kitabu Tumshangilieni Mungu. Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa chuo hicho, alitunga Mfurahini, Haleluya mwaka 1966 kwa lahani ya Kihaya, na Olson akautafsiri kwa Kiingereza.

Hata hivyo, ufumbuzi huo ulizaa swali gumu zaidi. Kihaya ni lugha ya toni, Kiswahili sicho. Lahani ya Kihaya ikivishwa maneno ya Kiswahili, mkazo huweza kutulia mahali pake, lakini uhusiano wa lahani na toni hukatika. Tena wimbo wa beti nyingi hurudia lahani ileile juu ya maneno tofauti, jambo ambalo lugha ya toni hulivumilia kwa shida. Kirwa cha Wameru, majirani wa chuo hicho, nacho kina toni. Namna waimbaji wake wanavyoukabili mvutano huo kutoka ubeti hadi ubeti inastahili kurekodiwa na kupimwa.