Nchi Jirani: Damu ya Kikwit na Elimu ya Chembe Hai



Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, ulizuka ugonjwa usiojulikana. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafariki. Damu ya mtawa mmoja ilitiwa katika chupa ya chai, ikapelekwa kwa ndege hadi Antwerp, Ubelgiji. Taifa zima likasubiri kuambiwa na wageni jina la adui aliyekuwa akiwaua wananchi wake. Adui huyo aliitwa Ebola.

Miongoni mwa madaktari wa kwanza kufika Yambuku alikuwa Mkongo, Jean-Jacques Muyembe. Ugonjwa uliporudi mwaka 1995, mjini Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Wagonjwa 7 walinusurika. Wataalamu wengi wa ng'ambo walitilia shaka, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache mno.

Ufunguo wa fumbo hilo umo katika masomo ya shahada ya kwanza ya baiolojia ya molekuli na ukuaji wa viumbe. Huko mwanafunzi hujifunza kwamba kila binadamu huanza akiwa chembe moja. Chembe hiyo hugawanyika mara nyingi, na karibu chembe zote hubeba amri zile zile, zilizoandikwa katika DNA. Lakini, kama vikosi vya jeshi moja, kila chembe hutekeleza sehemu yake tu: hii huwa mfupa, ile huwa damu. Baadhi ya chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, nazo humkumbuka adui kwa miaka mingi.

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka 11 baada ya Kikwit, damu ya mtu mmoja aliyepona ilikuwa bado na chembe hizo. Kutokana nazo ikapatikana dawa iliyoitwa mAb114. Ilipojaribiwa mashariki ya Kongo mwaka 2018 na 2019, walifariki wagonjwa 35 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo, ambapo kwa dawa waliyolinganisha nayo walifariki 50. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha matumizi yake.

Hapa pana jambo la kutafakari. Damu ilikuwa ya Mkongo, na fikira ilikuwa ya Wakongo. Lakini kazi ya kuzichambua chembe zile ilifanyika Marekani na Uswisi. Nchi isiyosomesha vijana wake elimu hii itaendelea kutoa damu na kununua dawa.

Jirani zetu wamelitambua hilo. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, wataalamu wa Kongo walishiriki wenyewe kuvisoma virusi hivyo, Kinshasa na hata Goma.

Ila elimu peke yake haikutosha. Aprili 2019, watu wenye silaha waliishambulia hospitali ya Butembo, wakamuua daktari wa Shirika la Afya Duniani. Pasipo usalama, maabara hufungwa. Na pasipo maabara, askari mpakani hamjui adui anayepita mbele yake.

Ndugu askari, kijana wako akikuambia kwamba anataka kusomea chembe hai, usimwambie kuwa anapoteza wakati. Naye anajiandaa kulinda taifa.