Mikono ya Janet Wanja

Ninazungumza nanyi kutoka Bukoto, Kampala. Mvua inanyesha hapa tangu mchana, kwa hiyo mkisikia kelele ya mabati msiipige redio yenu makofi. Ni nzima.

Wiki hii tumepata ujumbe wa sauti kutoka Kyaka. Ni dada wa miaka 17, jina lake nalihifadhi. Anacheza voliboli, na watu wanamwambia ana kipaji. Anataka kuacha shule aje Kampala kutafuta timu, aishi kwa mpira. Baba yake hataki. Anauliza mimi nasemaje.

Mdogo wangu, mimi nilicheza voliboli shuleni, nikakaa benchi mpaka nikawa mtangazaji, kwa hiyo usinisikilize mimi. Sikiliza maisha ya Janet Wanja.

Wanja alikuwa Mkenya, amezaliwa 1984. Alikuwa seta. Ninyi mnaocheza jioni, kamba imefungwa kwenye miti miwili, mnajua kwamba timu inaruhusiwa kugusa mpira mara tatu tu kabla haujavuka wavu. Mguso wa kwanza ni kuupokea, wa tatu ni kuupiga. Ule wa pili ndio wa seta. Mpira unamjia vibaya, umepinda, wakati mwingine anaukimbilia mpaka nje ya mstari, na inambidi auinue kwa vidole ufike mahali mpigaji atakaporukia. Akiukamata hata kidogo tu, mwamuzi anapiga filimbi. Na wakati huohuo anawaficha wapinzani, wasijue anampa nani. Mpigaji akiushindilia chini, uwanja wote unaimba jina la mpigaji, na pointi inaandikwa kwa mpigaji. Seta anarudi mahali pake kungoja mpira mwingine.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Wanja miaka mingi. Akiwa na umri wa miaka 20 alikuwa Athens, kwenye Olimpiki ya 2004, na timu ya taifa ya wanawake wa Kenya, Malkia Strikers. Walicheza michezo mitano, wakafungwa yote mitano. Nayasema haya kwa sababu tukiona picha ya mchezaji na medali shingoni tunadhani alipanda ngazi moja kwa moja. Barani Afrika Kenya ni wakubwa, wamechukua ubingwa wa wanawake mara 10. Lakini wakifika Olimpiki wanakutana na Brazil, Japani na wengine kama hao, wanafungwa, wanarudi nyumbani, na kesho yake wako mazoezini.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, la pesa. Wanja alilishwa na nani? Alichezea Kenya Pipeline. Hiyo si klabu ya mashabiki kama zile za soka. Ni kampuni inayosafirisha mafuta kwa bomba kutoka Mombasa kuja bara, na sehemu ya petroli ya boda boda zinazopita hapa nje Bukoto imepitia humo. Kampuni ina timu ya wanawake ya voliboli. Timu nyingine kubwa ni ya Magereza, nyingine ni ya benki ya KCB. Mercy Moim, nahodha wa Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo, ambaye alibeba bendera siku ya ufunguzi pamoja na Andrew Amonde wa raga, alitokea timu ya Magereza. Wachache wanapata mkataba wa nje, kama Sharon Chepchumba aliyekwenda Ugiriki kuchezea Aris ya Thessaloniki. Walio wengi, voliboli yao imeegemea taasisi. Na taasisi ikitaka kumwajiri mtu inauliza pia cheti.

Kuna na jambo la magoti. Mwili wa mchezaji unachoka mapema. Wanja alipomaliza kucheza akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo wa timu ya taifa, kazi ambayo nayo inataka kusoma. Mwaka 2023 Kenya walichukua ubingwa wa Afrika kule Yaoundé, na mwaka uliofuata wakacheza Olimpiki ya Paris. Mwishoni mwa Desemba 2024, Wanja alifariki kwa saratani ya mfuko wa nyongo. Alikuwa na miaka 40. Miaka yake 20 ya mwisho, karibu yote ilipita ndani ya mchezo huu.

Nikwambie na lile ambalo wengine hawatakwambia. Timu ya taifa inataka uraia, na sisi wakimbizi hatuna. Timu ya wakimbizi ya Olimpiki ilianza Rio 2016, na ndani yake alikuwemo Popole Misenga wa judo, mtoto wa Bukavu. Lakini mpaka Paris 2024 timu hiyo haijawahi kuwa na voliboli. Kwa hiyo mlango wako ni klabu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na ligi ya hapa inachezwa. Kutoka Bukoto unapita Naguru, unashuka Lugogo, ndani ya ule ukumbi wanachezea Sport-S, KAVC, Nemostars. Ndejje nao wana timu, na Ndejje ni chuo kikuu. Unaona tena tunarudi shuleni.

Makocha wa Afrika Mashariki wanatafuta wasichana kwenye mashindano ya shule za sekondari. Ukiacha shule leo, umejitoa mahali wanapokuja kuangalia. Na Kampala bila ndugu, bila kodi ya chumba, nimeiona inavyowafanya dada zetu. Siku nyingine tutalizungumza hilo peke yake.

Kwa hiyo baki, umalize Senior Four, umwombe mwalimu wa michezo akuandikishe timu ya shule. Kama si mrefu sana, jifunze useta. Wavu wa wanawake una mita 2 na sentimita 24, na seta si lazima awe mrefu kama mpigaji.

Kuhusu baba: kipindi hiki kinarudiwa Jumapili asubuhi. Mwambie akisikilize, halafu naye atutumie ujumbe wa sauti. Shikamoo mzee, tunakungoja. Kwaherini.