Kuachia Ungali Unaweza Kushika

Mada kwa viongozi wa mitaa na vikundi, Kata ya Bagara, Babati



Nimeombwa nizungumzie kuachia kwa hiari, cheo au mali. Nitakaa zaidi kwenye cheo, maana ndiko tunakoumizana.

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Msako dhidi ya mauaji ya kishirikina huko Mwanza na Shinyanga ulikuwa umegeuka mateso, na watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumpiga mtu. Angeweza kuwatupia lawama maofisa wa chini akaendelea na kazi. Aliondoka kwa kuwa wizara ilikuwa yake.

Kwangu mimi tendo hilo ni zito kuliko hata lile la Mwalimu Nyerere, aliyeachia uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, akamkabidhi Rashidi Kawawa ili yeye akaijenge TANU. Mwalimu aliondoka akiwa kipenzi cha watu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Rais. Mwinyi aliondoka na doa, bila ahadi ya kurudi. Kwamba mwaka 1985 angeingia Ikulu, siku ile hakuna aliyejua.

Lakini moyo wa mtu mmoja haurithiwi. Azimio la Arusha la 1967 liliwataka viongozi wachague: uongozi, au mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kiliyalegeza masharti hayo, na kilichokuwa mwiko kikawa ruhusa. Ukomo wa vipindi viwili vya urais, ulioingizwa katika Katiba mwaka 1984, wenyewe ulibaki. Mwinyi alimkabidhi Mkapa mwaka 1995, Mkapa akamkabidhi Kikwete mwaka 2005, Kikwete akamkabidhi Magufuli mwaka 2015. Nia njema huanzisha; kanuni iliyoandikwa ndiyo huendeleza.

Sasa turudi nyumbani. Kasha la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Huo ni ulinzi mzuri wa fedha. Ila watatu hao wakikaa na funguo miaka nenda rudi, wanachama huanza kuomba mkopo kwa unyenyekevu, kana kwamba fedha si yao. Vijana wanaojua hesabu huchoka kusubiri, wakaenda kuanzisha kikundi kingine. Mshika ufunguo wa namna hiyo huenda hajaiba hata shilingi, na bado amekidhoofisha kikundi.

Kwenye mali nitasema moja tu: shamba la ukingoni mwa ziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukilima tuta la nyanya mpaka majini, mvua ikinyesha udongo wote unaishia Ziwa Babati. Na kiboko akitoka usiku kula tulichopanda ukingoni kwake, tunamwita mharibifu. Anayerudisha jembe lake nyuma anapoteza madebe kadhaa ya mavuno, na hasara hiyo ni ya kweli. Anastahili kushukuriwa hadharani, mkutanoni, kwa jina lake.

Ndugu zangu, ombi langu ni hili: kila kikundi kilichotuma mjumbe hapa kiandike ukomo wa uongozi katika katiba yake kabla ya uchaguzi wake ujao, na wenyeviti waliopo ndio walete hoja hiyo.