MAITI WETU BAINA YA KISU NA MASHINE



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema Mtume wake (S.A.W.), tunapenda kulizungumzia suala linaloulizwa misibani: je, mwanapatholojia, yaani daktari achunguzaye maiti, anahitajika tena ilhali mashine ya CT huona ndani ya mwili bila ya kuukata?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mfupa wa maiti una heshima kama wa aliye hai, na akahimiza mazishi yaharakishwe. Ndiyo maana habari za mashine hii tulizipokea kwa furaha, hata baadhi yetu wakasema kuwa kazi ya madaktari hao imekwisha. Sisi hatuoni hivyo.

Walioiingiza mashine hii katika uchunguzi wa maiti ni wanapatholojia wenyewe, miongoni mwao Richard Dirnhofer na Michael Thali wa Bern, Uswisi. Nao walilinganisha picha na upasuaji. Hawakuiamini picha kwa upofu. Nchini Uingereza, utafiti wa Manchester na Oxford uliochapishwa mwaka 2012 ulihusu maiti 182, waliopigwa picha kisha wakapasuliwa. Sababu ya kifo iliyotolewa na CT ilikhitilafiana sana na ya upasuaji kwa asilimia 32. Yaliyokosewa zaidi ni maradhi ya mishipa ya moyo, damu iliyoganda mapafuni na nimonia. Nayo si maradhi ya nadra! Sumu nayo haitafutwi kwa picha, bali kwa damu na mkojo katika maabara.

Baadaye, huko Leicester, walitia katika mishipa ya maiti dawa inayoonekana kwenye picha, kupitia tundu dogo la shingoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: sababu ya kifo ilipatikana kwa asilimia 92. Aliyeongoza kazi hiyo, Guy Rutty, ni mwanapatholojia.

Basi tunavyoona, daktari huyu atakata kidogo zaidi, na atakata pale tu picha iliponyamaza. Pengine sindano ya kuchukua kipande cha nyama itamtosha. Lakini mwenye kuipima picha pamoja na historia ya marehemu atabaki kuwa mtu.

Haki ya marehemu si kuzikwa mapema peke yake. Ikiwa ameuawa, damu yake ina mdai. Ikiwa ameondoka ghafla kwa maradhi ya moyo ya kurithi, watoto wake wanahitaji kujua wakiwa bado hai.

Kwetu Afrika Mashariki mashine hizi ni chache, na wagonjwa wanazingojea. Hata hivyo, pale zilipo, familia iliyoambiwa na wenye mamlaka kuwa maiti lazima achunguzwe isikimbilie kugoma. Iombe kwa adabu picha itangulie, iulize ni sehemu gani italazimu kukatwa na kwa nini, na kama viungo vyote vitarudishwa kabla ya kuosha.

Wabillahi tawfiq.